Ngozi Isiyo na Masikio

Ihanja,
Jumapili, 2 Juni 2024, saa 11:20 jioni.

Kaka Chediel,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima. Alizeti tumemaliza kupura Alhamisi, na upepo ulitusaidia kupepeta.

Usishangae kupata barua. Tangu matanga ya baba tumezoea kusalimiana kwa ujumbe wa simu Krismasi na Pasaka, basi. Lakini unanijua tangu shule: nisipoandika, sijasema.

Jambo lenyewe ni dume lako. Juzi nilikuwa mnadani nikawakuta watu wawili wasionijua wakibishana habari za dume la Chediel wa Mwankoko. Mmoja akasema, "Lile likipita kwenye uchochoro, uchochoro ndio unaosogea." Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho. Nikasema moyoni, wanayemtaja ni mtoto wa mama yangu.

Mwaka huu wafugaji wa wilaya wanafanya maonyesho yao ya Nane Nane hapa Ikungi, kwa sababu Dodoma ni mbali kwa mifugo. Ninyi wa manispaa mnaruhusiwa. Nimekuchukulia fomu. Najua fomu hukuchosha, kwa hiyo nipe maelezo nitajaza mimi, wewe utie saini tu.

Barua hii naituma na basi la asubuhi. Ukiifuata stendi, tafadhali saini daftari la vifurushi, usichukue na kuondoka.

Mdogo wako,
Yustina Mughwai.


Mwankoko,
11/6/2024

Mdogo wangu Yustina,

Marahaba. Barua yako nimeisomea zizini nikiwa nimesimama, na Jemedari akanikazia macho kana kwamba anajua anasemwa yeye. Ni dume kweli. Shingo yake huwezi kuikumbatia mikono ikakutana. Wifi yako Scola ananitania kwamba nimeoa mke wa pili. Nikamwambia mke wa pili asingekula pumba nyingi hivi. Hakucheka.

Nakuambia ukweli, nilidhani bado una kinyongo juu ya yule ng'ombe wako Tarumbeta. Homa ya ndigana haina huruma, mdogo wangu. Mtu akiwekewa ng'ombe na ng'ombe akafa, hupeleka ngozi kwa mwenyewe ili asionekane amemla au amemuuza. Mimi ngozi nilikuletea, na mguu wa nyama juu yake. Wengine hata mkia hawaleti. Nafurahi umeona kwamba ndugu yako si mtu wa hivyo.

Jaza fomu. Andika Jemedari, miaka minne, amezaliwa Februari 2020 katika zizi la Chediel Mughwai. Andika kwa wino mweusi.

Kaka yako,
Chediel.


Ihanja,
Jumatatu, 17 Juni 2024, saa 1:05 usiku.

Kaka,

Shikamoo. Kinyongo cha nini, baada ya miaka mitano? Ile ngozi ninayo darini, imekunjwa vizuri, na kila mwaka naipaka majivu isiliwe na wadudu. Ndiyo kumbukumbu yangu ya Tarumbeta.

Nimekwenda kuuliza habari za mashindano. Wameniambia kuna makundi matatu. Madume peke yake, majike ya maziwa, na kundi la mama na mtoto. Katika madume peke yake wapo wakubwa wa Manyoni ambao wanalisha kwa kupima. Lakini kundi la mama na mtoto lina washindani wachache, na ndilo linalopewa utepe mkubwa, kwa sababu waamuzi wanataka kuona mbegu imetoka wapi. Mzee mmoja aliniambia, dume bila mama yake uwanjani ni kama mgeni aliyeshindwa kutaja ukoo.

Sijui mama yake Jemedari yupo au ulimuuza. Kama yupo, nitumie maelezo yake: umri, rangi, alama, ulimpata wapi na lini. Fomu inauliza yote hayo.

Kwa bahati mbaya mimi sitakuwepo. Rebeka wangu anatarajia kujifungua mwishoni mwa Julai, na mama mkwe wake ni mgonjwa, kwa hiyo nitakuwa Itigi mpaka katikati ya Agosti. Na hata ningekuwepo nisingekufaa kitu. Unakumbuka baba alivyonicheka: Yustina anaweza kumsahau ng'ombe lakini hawezi kusahau tarehe.

Mdogo wako,
Yustina.


Mwankoko,
29/6/2024

Yustina,

Marahaba. Nimelifikiria hili la mama na mtoto siku nyingi, ndiyo maana nimechelewa. Nimeona ni kweli. Mama yupo.

Andika hivi. Jina, Malkia wa Mwankoko. Umri kama miaka kumi. Rangi nyekundu, tumbo jeupe, pembe ya kulia imeinama. Sikio la kushoto lilichanika kwa mwiba. Alinunuliwa mnadani na Chediel Mughwai mwishoni mwa mwaka 2019 akiwa na mimba. Mnada sikumbuki upi, andika tu mnadani.

Fomu uliyonitumia nimeitia saini chini, pale panaposema ninathibitisha maelezo ni ya kweli. Nimeweka na dole gumba ili ionekane nzito.

Msalimie Rebeka. Mtoto akiwa wa kiume wamwite Jemedari.

Chediel.


Ihanja,
Jumapili, 7 Julai 2024, saa 9:40 alasiri.

Baba mdogo Manase,
Mandewa.

Shikamoo. Natumaini miguu inakusumbua kidogo kuliko Aprili.

Nakuandikia wewe peke yako, kwa sababu ndiwe uliyekuwa umekaa kwenye kigoda siku baba aliponikabidhi Tarumbeta. Nimefungua daftari langu la mwaka huo. Ilikuwa 20 Novemba 2016, siku ya Jumapili, baada ya misa. Baba alisema, "Huyu ni wa Yustina, kwa miezi saba aliyonigeuza kitandani." Akamkata sikio la kushoto alama mbili kwa kisu chake, na wewe ukamshika pembe. Kwa kuwa mimi sikuwa na mchungaji, tulimweka kwa Chediel, awe wangu na maziwa yawe yake.

Baba akafariki 2018. Tarehe 14 Machi 2019 Chediel aliniletea ngozi. Nakunukulia nilichoandika jioni ile: "Ngozi nyekundu, imefika leo saa nane mchana. Haina masikio, yamekatwa. Bega la kulia lina makovu matatu ya chuma cha moto, ya zamani, yaliyopangana kama vidole. Tarumbeta hakuwahi kuchomwa chuma." Nikachora na umbo lake pembeni.

Sikusema neno. Ningesema nini? Yeye alikuwa na ngozi, na mwenye ngozi ana ushahidi. Angesema makovu alimchoma yeye alipougua. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amemficha, sijui porini sijui kwa rafiki. Nikaikunja ngozi nikaipandisha darini. Kila nilipolala niliiona juu yangu, Baba mdogo, kwa miaka mitano na zaidi. Mume wangu alipofariki watoto walitaka iuzwe tununue daftari za shule. Nilikataa.

Sasa amemtoa mafichoni mwenyewe. Soma barua yake niliyoambatanisha: pembe ya kulia imeinama, sikio la kushoto lilichanika kwa mwiba. Ng'ombe aliyekufa Machi 2019 amezaa dume Februari 2020, na baba yake wa kambo, Chediel, ametia saini na dole gumba.

Nakuomba uwe Ikungi tarehe 8 Agosti kabla ya saa nne, pamoja na wazee wengine wawili unaowaamini. Mimi siendi Itigi. Rebeka alijifungua Mei, msichana, na wote ni wazima.

Utaniuliza kwa nini nisije kwako kimyakimya, tukamwita Chediel tukamalize ndani. Nimejiuliza pia. Jibu langu ni hili: ngozi aliileta mbele ya watu, mchana, majirani wakiona. Nitaipeleka mbele ya watu.

Mwanao,
Yustina.


Mwankoko,
30/7/2024

Mdogo wangu,

Sijui barua hii utaisoma ukiwa Itigi au ukirudi. Maandalizi yamekamilika. Fuso nimekwishaikodi. Jemedari namwosha kila siku na mama yake namsugua kwa mafuta ya alizeti mpaka anang'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu. Majirani wanapita makusudi.

Baba mdogo alikuja kunitembelea Jumamosi. Mzee amechoka, lakini alizunguka zizi lote kwa fimbo yake, akawatazama sana. Nadhani alifurahi.

Nikishinda, Yustina, nina jambo lako. Sitakwambia sasa. Utafurahi. Ndugu ni ndugu.

Chediel.


Mwankoko,
4 Agosti 2024

Wifi yangu Yustina,

Salamu sana. Najua huko Itigi hukwenda. Baba mdogo Manase alipokuja aliniuliza kwa upole, wakati nachota maji, kama Malkia ana jina jingine. Niliinamia ndoo. Aliponiacha nilijua wewe uko Ihanja na unajua kila kitu.

Wifi, nimemkamua Tarumbeta miaka yote. Nimenyamaza na maziwa yake nimekunywa. Hilo nitalijibu mbele ya Mungu. Lakini kuna jambo sikulijua mpaka wiki hii. Chediel alikuwa anamsugua Tarumbeta mafuta, amefurahi, akaniambia huku akicheka kwamba ngozi aliyokuletea ilikuwa ya ng'ombe wangu mimi. Yule mwekundu niliyewekewa na baba yangu. Alikufa Machi ile ile, na Chediel aliniambia ngozi ameibiwa na mbwa.

Wewe umesubiri miaka mitano ukiwa na ngozi bila ng'ombe. Mimi nimekaa miaka mitano nikiwa na kifo bila ngozi. Kaka yangu Antipasi alikuja kudai, nikamwambia hakuna. Akasema mbele ya wake zake, "Dada yetu amemla ng'ombe wa baba na mumewe." Tangu siku ile hajakanyaga kwangu. Mama alipofariki nilikaa na majirani msibani, si pamoja na watoto wa nyumba. Mwanangu alipoposwa, upande wetu hakuja hata mmoja.

Makovu matatu ya bega la kulia alimchoma Antipasi mwenyewe, ng'ombe akiwa ndama. Akiyaona atayajua akiwa amefumba macho. Naomba ngozi hiyo, wifi. Ni yangu.

Na jambo la pili. Chediel ameniapia kwa Biblia kwamba mashindano yakiisha atakurudishia Tarumbeta. Anataka kuuma na kupuliza, aseme amekununulia kama zawadi, ili asiaibike. Ni uongo, lakini ng'ombe utampata, na mtoto wake wa kike atakuongezea. Mimi namjua. Safari hii anasema kweli.

Kwa hiyo nakusihi, mwache ashinde. Usimtolee ngozi hadharani. Ukimwaibisha ataiharibu, na mimi ndiyo nitakuwa nimekufa pamoja na ng'ombe wangu. Wewe kaa kimya siku moja tu. Utapata ng'ombe wako, na mimi nitapata nyumba ya baba yangu.

Barua hii naituma na basi la keshokutwa asubuhi, Chediel akienda kuchukua fuso. Nakuomba.

Wifi yako,
Scola.


Mwankoko,
10/8/2024

Yustina,

Sikusalimii.

Nimefuga tangu nikiwa na miaka saba na sijawahi kuona mtu akifanywa hivyo. Utepe walikuwa wamekwisha kuufunga kwenye pembe yake. Mwamuzi alikuwa amenishika mkono. Mtangazaji alikuwa anasema, "Malkia wa Mwankoko na mwanawe Jemedari," na watu wanapiga makofi, mara nakuona unapita katikati ya kamba na mzigo kichwani, umevaa kitenge cha msiba wa baba. Ukapiga magoti. Ukasema "Shikamoo kaka" kwa sauti ya kanisani. Mimi mjinga nikaitikia marahaba.

Kisha ukaikunjua ngozi miguuni pa ng'ombe.

Na yule mtangazaji, badala ya kukufukuza, akakusogezea kipaza sauti. Ukasoma daftari lako na saa zake na dakika zake. Ukamwita "Tarumbeta" mara moja tu, na yule mnyama mpumbavu akalia mpaka mbuzi wa banda la pili wakashtuka. Baba aliyempa jina hilo alinikomesha kutoka kaburini. Watu walicheka, Yustina. Wazee walicheka. Kuna mtu nyuma alipaza sauti, "Muulizeni ngozi ya mkewe iko wapi!" Utepe waliufungua mbele yangu.

Sasa Mwankoko nzima wananiita Mzee Ufufuko. Jana nilikwenda kununua chumvi, muuzaji akaniuliza kama jogoo wangu aliyekufa hajambo.

Ndiyo, nilifanya. Nilimchunga zaidi ya miaka miwili, wewe hukumchotea ndoo moja ya maji. Uliolewa, ukaondoka, na baba akakupa jike bora kuliko yote aliyonipa mimi. Mtoto wa kiume nikawa mchungaji wa dada yangu. Hilo hukuliandika kwenye daftari.

Na nilikuwa namrudisha. Niliapa. Muulize Scola. Nilikuwa nimemchagulia na kamba mpya.

Ngozi yako uliiacha pale chini kama takataka. Nimerudi nayo kwenye fuso na jioni ileile nimeichoma nyuma ya zizi. Scola aliingia ndani hakutoka mpaka kesho yake. Sijui analilia nini, ngozi haikuwa yake tena.

Chediel.


Ihanja,
Jumanne, 13 Agosti 2024, saa 12:15 asubuhi.

Kaka Chediel,

Shikamoo. Mimi nakusalimu, kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na hilo halibadiliki.

Baba mdogo ameniomba nikuandikie uamuzi wa kikao cha juzi Jumapili pale Mandewa, kwa kuwa uliondoka kabla haujasomwa. Tarumbeta ni wa Yustina. Jemedari ni wa Yustina. Mtamba mwekundu, binti wa Tarumbeta, ni wa Yustina. Ndama dume mdogo ni wa Chediel, kwa ajili ya uchungaji wake, kama desturi ilivyo. Unaona kwamba miaka yako imehesabiwa.

Unasema ulikuwa unamrudisha. Mtu anayerudisha hasubiri kwanza afungiwe utepe.

Jemedari ataletwa Ihanja. Tarumbeta hataletwa. Malisho ya huku yamekwisha na mimi bado sina mchungaji. Nimewaomba wazee abaki hapo hapo Mwankoko, katika zizi lako, ila safari hii amewekwa kwa Scola, kwa jina la Scola, na wazee wamekubali. Maziwa ni ya Scola. Wewe utamfungulia asubuhi na utamfungia jioni. Kila siku utakapoamka utamkuta, na utajua ni wa nani.

Nimesikia wanakuita Mzee Ufufuko. Litaisha, kaka. Langu halikuwa na jina, lilikaa miaka mitano.

Mdogo wako,
Yustina.


Ihanja,
Jumanne, 13 Agosti 2024, saa 1:30 asubuhi.

Wifi Scola,

Salamu. Nakuandikia kwa uchungu.

Barua yako ya tarehe 4 imenifikia tarehe 10 Agosti. Nadhani mzigo ulikaa stendi. Nilipoisoma nilishika kichwa. Laiti ingefika mapema, Mungu ni shahidi, ningekaa kimya kama ulivyoomba, na ngozi ningekuletea mkononi. Sikujua ni yako. Kwa upande wangu kazi yake ilikuwa imekwisha, ndiyo maana niliiacha pale uwanjani.

Chediel ameniandikia kwamba ameichoma. Siwezi kuirudisha. Ninachoweza ni hiki: nimechana ukurasa wa daftari langu wa 14 Machi 2019 na nimeuweka humu ndani. Sijawahi kuchana ukurasa tangu nianze kuandika nikiwa kidato cha kwanza. Yapo maelezo yote ya makovu matatu, na mchoro. Mpelekee kaka yako Antipasi. Mwambie Yustina Mughwai haandiki uongo.

Na Tarumbeta nimekuwekea wewe. Maziwa yako, na ndama wake wa tatu kuanzia sasa awe wako kabisa. Ninakuamini. Najua pia kwamba Chediel kumwona kila siku kutamuuma, na sitakuficha kwamba hilo nalo limenifurahisha.

Ukipata nafasi niandikie ng'ombe anaendeleaje.

Wifi yako,
Yustina.


Mwankoko,
1 Septemba 2024

Wifi Yustina,

Salamu. Ukurasa wako niliupata, na Jumamosi ya tarehe 17 niliufunga kwenye kanga nikaupeleka kwa Antipasi. Nilimkuta anachonga mpini. Hakunikaribisha kiti. Nilimweleza yote, nikampa. Aliugeuza huku na huku, akautazama mchoro, akausogeza puani kana kwamba anataka kuunusa. Kisha akanirudishia. Akasema, "Karatasi haina manyoya." Akaendelea kuchonga.

Nilirudi kwa miguu mpaka barabarani. Nilipokuwa stendi nasubiri gari, nikapita ofisi ya vifurushi. Nilitaka kumsema yule binti kwa kuchelewesha barua yangu siku nne. Anaitwa Dorika, ni mtoto mpole. Hakubisha. Akasema barua za njia ya Ihanja husainiwa kwenye daftari linalosafiri na basi na kurudi jioni. Akalifungua.

Umesaini wewe. Nani mwingine Ihanja anaandika dakika? "Y. Mughwai, 6 Agosti 2024, saa 4:10 asubuhi." Umepigia na mstari chini kwa rula au kwa ukingo wa bahasha, sijui.

Ndipo nikaitoa barua yako nikaisoma tena palepale. Juu umeandika siku, mwezi, mwaka, saa na dakika, kama kawaida yako. Lakini pale unaposema barua yangu ilifika tarehe 10, saa hukuandika. Nilipaswa kuona.

Kwa hiyo ulikuwa nayo siku mbili. Ulijua ng'ombe wako anarudi. Ulijua ngozi ni yangu. Bado ukaibeba kichwani ukaenda nayo Ikungi, na ulipomaliza ukaiacha chini.

Sikulaumu sana. Na mimi nilinyamaza miaka mitano nikinywa maziwa. Nilimwomba Dorika kipande cha karatasi, nikanakili mstari ule kama ulivyo, na yeye akapiga mhuri wa ofisi. Nimekikunja nimekiweka darini. Sina haraka nacho. Wewe ndiye umenifundisha kwamba kitu kikipakwa majivu kinakaa.

Chediel hajui, na sitamwambia. Anamfungulia Tarumbeta asubuhi na kumfungia jioni kama ulivyotaka, na hamtazami usoni.

Umeniuliza ng'ombe anaendeleaje. Ni mzima. Ana mimba, atazaa kama Januari. Nampa pumba na chumvi, maji anakunywa mara mbili. Umeniwekea mbele ya wazee, kwa jina langu, na nitamtunza kwa desturi yote. Lakini ndigana huku bado ipo, wifi, na haina huruma.

Akifa, nitakuletea ngozi. Masikio yake sitayakata.

Wifi yako,
Scola.